Ndizi Zilipotoa Uji

Georgina Kahangwa alizaliwa Kanazi, akaolewa Rubya, na katika miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza vinywaji vya ndizi hakuwahi hata mara moja kuiona ndizi ikikamuliwa. Mgeni akielezwa hivyo hudhani anataniwa. Kwetu halimshangazi mtu.

Kazi ya kukanyaga ndizi ni ya wanaume. Ndizi za embile, ambazo hazifai kupikwa, huivishwa shimoni chini ya majani makavu ya mgomba, humenywa, kisha humwagwa katika obwato, mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo tu. Mwanamume huosha miguu yake, huingia na kukanyaga. Mwanamke hukaa mbali. Wazee walisema kwamba mwanamke akisogea, maji hukataa kutoka, na hakuna aliyependa kupoteza mikungu ishirini ili kuthibitisha kama walisema kweli. Kwa hiyo Georgina alikuwa jikoni, akiwapikia wakanyagaji, akisikia sauti zao nyuma ya nyumba, mpaka vyungu vilipoletwa mlangoni vimejaa omulamba, juisi tamu ambayo bado haijachacha. Kuanzia hapo kazi ilikuwa yake.

Aliyemfundisha alikuwa mama mkwe wake. Mwanzoni alitengeneza rubisi, pombe ya ndizi, ya kuuza kwa vibuyu, kama majirani wengine. Mumewe, Clavery, alipofariki mwaka 2011 na kumwachia kibanja, shamba la migomba, na watoto wanne, alijiunga na mafunzo ya akina mama wa parokia, akajifunza kutengeneza mvinyo: kupima hamira, kuchuja mara tatu, kusubiri miezi minne bila kufungua kifuniko kwa udadisi. Kusubiri ndiko kulikowashinda wenzake wengi. Yeye hakukuona kuwa kugumu. Ni mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, ambaye huzungumza na chupa zaidi kuliko anavyozungumza na watu. Chupa yenye lebo iliyopinda haitoki nyumbani kwake. Huirudisha kwenye beseni, huibandua lebo kwa maji ya moto, na kuanza upya.

Mwaka juzi alikuwa ameajiri wanawake watatu, na mvinyo wake ulikuwa umefika rafuni katika duka la Annastella, Bukoba mjini. Annastella ni mfanyabiashara asiyezunguka katika maneno. Siku moja mwezi wa Januari alimwita Georgina pembeni, akamwonyesha rafu.

"Mama Wilbert, angalia mwenyewe. Hapa palikuwa pako pote."

Nusu ya rafu ilikuwa imejaa maboksi ya mvinyo wa nje, yenye picha za zabibu.

"Yana ladha gani hayo?" Georgina aliuliza.

"Ladha ya boksi. Lakini mteja siku hizi anageuza chupa, anatafuta alama ya ubora. Asipoiona anairudisha. Nitafanyaje? Nimgombeze?"

"Usimgombeze."

"Basi niletee alama. Nakushikia sehemu hii mpaka mwisho wa Juni. Baada ya hapo naijaza, dada yangu, na usininunie."

Georgina aliomba alama. Afisa wa viwango alifika Rubya mwezi huohuo, akakagua chumba cha kuchachushia, akanusa mapipa, akasifu usafi wa chupa. Kisha aliomba aonyeshwe ndizi zinapokamuliwa, na hapo Georgina, akiwa amesimama mbali kama ilivyo desturi, alimwelekeza kwa kidole nyuma ya nyumba. Afisa alirudi akiwa mpole, lakini jibu lake halikuwa na njia ya pembeni. Juisi ya kuuzwa dukani haiwezi kutoka katika mti usioweza kusafishwa mpaka ndani ya nyufa, wala chini ya miguu ya mtu. Apate chombo cha chuma kisichoshika kutu. Angerudi kukagua Ijumaa ya tatu ya Juni. Akikuta juisi inatoka katika chombo hicho, maombi yangeendelea. Asipoikuta, mzunguko wake wa ukaguzi katika wilaya zetu ungekuwa umekwisha, na wamngoje mwakani.

Ndivyo Georgina alivyofika Ijuganyondo, katika karakana ya Bwana Muhidini, ninapofanya kazi tangu nilipomaliza masomo ya ufundi mitambo. Bwana Muhidini hutengeneza mashine za kukoboa, za kukata majani ya ng'ombe, za kusaga karanga. Alimsikiliza Georgina mpaka mwisho, akajikuna ndevu.

"Mama, mimi nitakutengenezea mashine ya juisi. Juisi ikishatoka, mengine ni yenu huko Rubya, sitaki kuyajua."

"Juisi inanitosha," Georgina alijibu.

Bwana Muhidini alicheka, akanigeukia. "Evelyne, chora."

Nilichora. Niliandika maswali kumi na manne katika daftari langu, nikamuuliza Georgina moja baada ya jingine: ndizi zinamenywa au hazimenywi, mkungu mmoja una uzito gani, maji yanaongezwa lini. Alijibu yote bila kusita. Swali la tisa lilikuwa jinsi ukamuaji wenyewe unavyofanyika. Alisema, "Wanakanyaga mpaka maji yatoke." Niliandika hivyohivyo, nikapiga mstari chini yake. Hata mimi nilikulia katika kibanja ambako baba yangu alikanyaga ndizi kila mwaka, na hata mimi nilikuwa jikoni. Wanawake wawili tulikaa mezani tukapanga kazi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, na hakuna aliyegundua.

Mashine ilichukua miezi minne. Ni pipa la chuma kisichoshika kutu lililolala juu ya fremu, lenye shafti katikati na mapanga sita butu ya kupondea, na chini yake chujio na koki. Mota ilitoka China, beringi zilitoka Mwanza, na kila kiungio nilikichomelea mwenyewe na kukisaga mpaka kidole kisiweze kukihisi. Kutoka katika kitabu cha mashine za matunda nilikokotoa mwendo: mizunguko mia mbili na arobaini kwa dakika. Tuliifunga Rubya Jumatatu ya wiki ya ukaguzi. Mikungu arobaini ya embile ilikuwa shimoni tangu Ijumaa iliyotangulia, ili iwe imeiva Jumatano. Ndizi ikishaivia shimoni haimsubiri mtu. Kwa siku mbili hivi inakamulika. Baada ya hapo inakuwa chakula cha nzi.

Jumatano asubuhi tulimenya mikungu mitatu, tukaimwaga ndani, nikawasha. Mashine ilinguruma vizuri, na nakiri kwamba nilifurahi. Baada ya dakika tano nilifungua koki.

Halikutoka tone. Nilifungua mfuniko. Ndani mlikuwa na uji mzito wa rangi ya maziwa, laini, usio na bonge hata moja, ulioshikilia mapanga kama gundi.

"Bado labda," alisema mmoja wa wanawake.

Niliwasha tena kwa dakika kumi. Uji ulizidi kuwa laini. Tulimimina kidogo katika kitambaa, tukakamua kwa mikono, watu wawili wakivuta huku na huku. Kitambaa kilipasuka. Tulijaribu mikungu mingine mitatu tukiwa tumeongeza maji, na tukapata uji mwepesi. Georgina aliuonja kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. Maji yale yangeua utamu, na pasipo utamu hamira haifanyi kazi.

Nilikagua mota, mkanda, chujio na koki. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokichora. Hilo ndilo lililonitisha. Hitilafu ningeweza kuirekebisha, lakini mashine haikuwa na hitilafu.

Kufikia saa tisa alasiri ilikuwa imebaki mikungu thelathini na minne, na zile ndizi zilikuwa zimeanza kupata madoa meusi. Mmoja wa wanawake ndiye aliyelitaja jina ambalo wote tulikuwa tunalikwepa.

"Kama Mzee Ndyamukama angekuwapo..."

"Hayupo," Georgina alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ndyamukama ndiye aliyekuwa mkanyagaji wa nyumba hiyo tangu enzi za baba mkwe. Msimu baada ya msimu, kwa zaidi ya miaka ishirini, juisi yote ya Georgina ilitoka chini ya miguu yake. Desturi ilimpa ujira na kitu kingine kilichokuwa kikubwa kuliko ujira: kibuyu cha kwanza cha omulamba, kabla ya mwenye nyumba. Georgina alipoagiza mashine hakumwambia. Alikusudia kumwambia, akaahirisha, kwa kuwa hakujua aanzie wapi. Unamwambiaje mtu kwamba miguu yake ndiyo tatizo? Habari zilimfikia kupitia kwa majirani. Tangu Pasaka, Ndyamukama, ambaye kanisani alikuwa akikaa benchi lililo nyuma ya Georgina, alihamia upande wa pili.

Nililala hapo Rubya. Alhamisi kulipokucha nilimkuta Georgina amekwisha vaa kitenge chake cha kwendea misa. Mkononi alikuwa na kikapu chenye mfuniko.

"Twende," aliniambia. "Lete na daftari lako."

Tulimkuta Ndyamukama uani kwake akiweka mpini kwenye jembe. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye mabega mapana. Mkewe, Vestina, alikuwa amekaa mkekani akipukuchua maharage, na yeye ndiye aliyetuona kwanza.

"Karibuni, karibuni. Mama Wilbert! Umekuja kwa miguu? Nilidhani siku hizi kila kitu kwako ni cha umeme."

"Nimekuja kwa miguu, Vestina."

"Na huyu binti ndiye mwenye chuma?"

"Ndimi, shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Wewe huna kosa, umetafuta riziki."

Ndyamukama hakuinua kichwa. Aligonga mpini mara mbili, akaukagua. "Nimesikia chuma kinakamua," aliliambia jembe. "Ni jambo zuri. Chuma hakichoki. Chuma hakidai kibuyu cha kwanza."

"Waitu," Georgina alisema, kwa neno letu la heshima, "kimetoa uji."

Nyundo ilisimama.

"Kimetoa nini?"

"Uji. Mikungu sita. Uji mtupu."

Ndyamukama alimtazama kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilikaza, ikakaza zaidi, kisha akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Vestina naye aliangua kicheko, maharage yakamwagika mkekani.

"Uji wa embile! Mpe mgonjwa hospitalini akapone!"

"Mpe padri kwenye kikombe!" Ndyamukama alisema, akajifuta macho. "Uji! Jamani, mama huyu!"

Georgina alisimama palepale, amenyooka, akiwa ameshika kikapu chake mbele yake kwa mikono miwili, akawaacha wacheke. Kicheko kilipopungua alisema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyapanga njia nzima.

"Sikukwambia kuhusu mashine. Nilipaswa kuja kwako kwanza, mwezi wa pili, kabla ya kwenda Ijuganyondo. Niliona aibu, aibu ikanifanya nikose adabu. Afisa anakuja kesho. Asipokuta juisi, duka la Annastella limekwenda, na wale wanawake watatu nitawaambia nini? Sijui mnafanya nini mle ndani ya mtumbwi. Nimekula kwa kazi hiyo miaka yote, na siijui."

Mzee aliweka nyundo chini. Vestina ndiye aliyejibu, kwa sauti tofauti na ile ya mzaha.

"Mwambie basi na wewe lako."

"Lipi?"

"La magoti."

"Vestina!"

"Magoti yake, Mama Wilbert, yamevimba kama maboga. Daktari alimkataza kukanyaga tangu mwaka jana. Msimu uliopita akitoka kwako nilikuwa namkanda kwa maji ya moto siku tatu, huku anauma shuka. Akaniapisha nisiseme. Kisha uliponunua chuma, badala ya kushukuru Mungu, akahama benchi!"

Ndyamukama alilitazama jembe kana kwamba lingemsaidia. "Mtu hahami kazi yake kwa sababu ya goti," alisema.

"Lakini kuhama benchi anaweza," mkewe alimjibu.

Georgina alikaa mkekani bila kualikwa mara ya pili. Alifungua kikapu. Ndani mlikuwa na ndizi za kupika na nyama iliyofungwa vizuri kwa jani, kama apelekewavyo mtu aliyetendewa isivyo haki. Hakukuwa na hotuba nyingine. Baada ya muda mfupi mzee aliuliza, akinielekea mimi:

"Nyasi mliweka kiasi gani?"

Nilifungua daftari langu, ingawa nilijua hakuna jibu humo.

"Hatukuweka nyasi, tata," nilijibu, nikimwita baba kwa Kihaya.

"Hamkuweka nyasi," alirudia polepole. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasimama. "Vestina, nipe shati."

Alipofika kwa Georgina alifanya jambo moja kabla ya lolote: alivua viatu mlangoni na kuomba maji, akaosha miguu yake kwa makini mpaka magotini. Wanawake walitazamana. Alikuwa amemaliza mguu wa pili ndipo alipokumbuka kwamba haukuwa na kazi, akacheka mwenyewe, akavaa viatu.

Niliwasha mashine ikiwa tupu ili aione. Alisikiliza kwa sekunde chache tu.

"Zima. Inakimbia kama imeiba kuku."

"Ndiyo mwendo ulioandikwa kitabuni, tata."

"Kitabu cha matunda gani?"

"Mananasi. Maembe."

"Nanasi linaogopa. Ukilipiga linatoa maji. Ndizi haiogopi. Ndizi unaibembeleza, ukiipiga inakuwa uji ili ikukomeshe." Aligusa mapanga. "Haya ni mazuri. Hayana makali. Nani alikwambia yasiwe na makali?"

"Nilifikiri mguu hauna makali."

Alinitazama, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akasita. Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake watatu, Georgina na mimi tulikuwa ndani, na ilimpasa kutuonyesha kitu ambacho baba yake hakuwahi kumwonyesha mwanamke. Tulimwona akilitafakari. Georgina alianza kurudi nyuma, kama alivyozoea.

"Wewe baki," mzee alimwambia. "Mwiko ni wa mtumbwi. Hili ni sufuria."

Basi akaonyesha. Alishika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja ili kuyapumzisha magoti, akafumba macho, akakanyaga sakafu ya saruji taratibu, kisigino kwanza, kisha wayo, akisukuma mbele. Alieleza huku akikanyaga. Mwanzoni ndizi peke yake, polepole, mpaka zishikane ziwe donge. Usiongeze maji. Kisha nyasi, konzi kwa konzi, ndizo zinazolipasua donge. Kisha unaacha. Unasimama pembeni, unapumua. Ndizi inajisikia. Ukirudi, hatua chache tu, na maji yanaachia yenyewe. Maji ya kisimani huongezwa baadaye, na machache. Mimi nilikuwa na saa mkononi. Nilihesabu hatua zake kwa dakika tatu nzima, nikiandika kila dakika kivyake: sitini na saba, sabini, sitini na tisa. Mashine yangu ilikuwa ikienda zaidi ya mara tatu ya mtu.

Nilimpigia simu Bwana Muhidini nikiwa bado nakokotoa. Nilihitaji shafti ya pili, puli ya inchi nne na ya inchi kumi na nne, na mkanda wa kuziunganisha.

"Puli ya kumi na nne?" alisema. "Unatengeneza mashine au jiwe la kusagia?"

"Natengeneza miguu ya mzee, bosi."

Nilimsikia akichukua funguo za gari. "Nakuja nazo mwenyewe."

Alifika saa nane mchana, vyuma vikiwa nyuma ya gari, shati limelowa kwa mvua ya njiani. Tulitoboa fremu na kufunga shafti ya pili, na saa kumi kasorobo ilikuwa tayari. Wakati huo wanawake walikuwa wamekata nyasi, wamezichambua jani kwa jani, wamezisuuza mara nne na kuzimwagia maji ya moto. Georgina hakuridhika, akaamuru mara ya tano. Ndyamukama alisema nyasi hizo sasa zingeweza kuvaliwa harusini.

Tuliweka mikungu minne. Mapanga yalianza kugeuka polepole, karibu kwa uvivu, na kwa muda mrefu hakuna lililotokea isipokuwa sauti ya kitu kizito kikigeuzwa. Mzee alikuwa ameinama, sikio karibu na pipa. Aliinua mkono na wanawake wakaingiza nyasi, konzi kwa konzi. Donge lilianza kupasuka. Nilifungua koki kidogo. Kavu.

"Zima," mzee alisema.

"Tata, haijatoka kitu."

"Nimesema ipumzike. Hata mimi nilikuwa napumzika."

Nilizima. Tulisikia mvua ikidondoka kutoka kwenye migomba. Georgina alikuwa amesimama pembeni ya chujio, kwa mara ya kwanza maishani mwake mahali hapo, na nilimwona akihesabu kwa midomo yake, sijui hesabu gani. Bwana Muhidini alitaka kusema kitu, Ndyamukama akamnyamazisha kwa kidole. Zilipita dakika kumi na moja.

"Haya."

Niliwasha. Mzunguko wa kwanza, wa pili, labda wa kumi, kisha sauti ilibadilika. Siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hivyo. Uzito ulitoka katika sauti, na mahali pake pakaja mlio wa maji. Koki ilikohoa povu, ikatema, kisha ikatiririsha uzi mwembamba wa rangi ya asali, ambao ulinenepa mpaka ukawa unene wa kidole changu, na haukukatika.

Mwanamke mmoja alipiga vigelegele, mwingine akamziba mdomo kwa kuogopa kwamba juisi ingesikia. Bwana Muhidini alisema "Alhamdulillahi" na kukaa juu ya kreti. Georgina hakupiga kelele. Alichukua kibuyu kilichokuwa kimening'inia ukutani, akakikinga chini ya koki mpaka kikajaa, akakifuta pembeni kwa kitambaa, akampa Ndyamukama kwa mikono miwili.

Mzee alikipokea. Alikunywa bila haraka, mpaka chini. Tulimngojea sote.

"Ni yenyewe," alisema.

Hapo ndipo Georgina alipotafuta pa kukaa. Alikaa kwenye kizingiti, miguu yake mirefu imenyooshwa mbele, akajipepea kwa ncha ya kitenge ingawa kulikuwa na baridi. "Ee Mungu wangu," alisema mara moja tu. Vestina, aliyekuwa amekuja kumfuata mumewe, alikaa karibu naye, na wakaanza kuzungumza Kihaya kwa sauti ya chini juu ya mambo mengine kabisa, bei ya chumvi na harusi ya jirani.

Ijumaa afisa wa viwango alifika saa nne. Alizunguka pipa mara mbili, akapitisha kidole kwenye viungio, akauliza ni nani aliyevichomelea, akaandika. Aliuliza kuhusu nyasi. Georgina alimpeleka kwenye mabeseni, akamwonyesha maji ya moto na kipimajoto. Kisha mashine iliwashwa, ikapumzishwa, ikawashwa tena, na juisi ilitoka. Afisa alikinga kidogo katika chupa mbili za sampuli, akazifunga kwa lakiri.

"Sampuli zitakwenda maabara," alisema. "Kwa upande wa ukaguzi, mimi nimemaliza. Sina cha kukurudisha nyuma." Aligeuza karatasi. "Nahitaji jina la mwendesha mashine."

Wote walinitazama. Nilimwambia kwamba mimi ni fundi tu, kwamba jioni narudi Ijuganyondo.

"Andika Ndyamukama," Georgina alisema.

"Mimi?" mzee alisema. "Hata kuiwasha sijui."

"Kuiwasha ni kubonyeza. Kuizima je, nani mwingine anajua lini?"

Afisa alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Ndyamukama aliitazama mashine, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa akiyatazama magoti yake.

"Nitakaa kwenye kiti?" aliuliza.

"Chenye mto," Georgina alimjibu.

"Basi andika."

Gari la afisa lilipopotea nyuma ya migomba, Georgina alimpigia simu Annastella. Alimwambia kwa maneno matano kwamba asiijaze ile rafu, akasikiliza jibu refu lililokuwa na vicheko vingi, akakata. Ndizi zilizobaki shimoni zisingefika Jumamosi. Nilimwonyesha mzee kitufe cha kijani na kitufe chekundu, akavibonyeza kila kimoja mara tatu ili ahakikishe, na wanawake wakaanza kumenya.